Meza ya Karani: Pima Kwanza, Ndipo Utupe



Juma hili nataka tuzungumze habari ya diski ya kompyuta inapojaa, na jinsi ya kumtafuta aliyeijaza. Najua wako watakaosema, "Karani, sisi watu wa jembe na mbuzi, diski twaijulia wapi?" Ngojeni kidogo. Siku hizi ni vigumu kupata kijiji ambamo hakuna simu iliyomwambia mwenyewe kwamba nafasi imekwisha, na vijana wetu walioko vyuoni hurudi likizo na kompyuta mgongoni. Tena jambo lenyewe si la kompyuta peke yake. Ni jambo la kumshuku mtu kabla ya kupima, na hilo twalijua sote.

Kisa chenyewe ni hiki.

Ofisini petu tuna kompyuta moja kuukuu. Inaendeshwa na Linux, kwa kuwa Linux haina malipo, na mashine ya zamani huiweza. Kwa muda wa miaka mitatu nimekuwa nikipiga picha vitabu vya zamani vya parokia, vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi, ukurasa kwa ukurasa. Mchwa walipoingia kabatini mara ya kwanza ndipo nilipoanza kazi hiyo. Waliporudi mara ya pili walikula vitabu viwili nilivyokwisha kuvipiga picha. Tulikuta majalada, na katikati yake unga. Kwa hiyo kwa vitabu hivyo viwili, picha iliyomo ndani ya kompyuta ndiyo kitabu. Hakuna kingine. Picha zote nimeziweka katika folda moja niliyoiita Zamani. Nakala ya pili nilikusudia kuitoa na kuiweka mahali pengine, lakini kusudi lilibaki kusudi.

Jumatatu moja asubuhi akaja mama mmoja wa makamo, amevuka mto kwa miguu kisha akapanda bodaboda.

"Shikamoo, Mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unisaidie. Nataka cheti cha ndoa ya marehemu baba na mama. Kuna shauri la shamba letu barazani, na wazee wametaka cheti pamoja na picha ya ukurasa wenyewe. Shauri ni keshokutwa."

Nikatafuta katika Zamani, nikaupata ukurasa. Ulikuwa ukurasa wa kitabu kimojawapo cha vile vilivyoliwa. Nikaandika cheti, nikataka kukihifadhi. Kompyuta ikakataa: hakuna nafasi iliyobaki kwenye diski. Nikajaribu kuichapa picha ya ukurasa. Ikakataa vilevile, maana kompyuta kabla ya kupeleka kazi kwenye mashine ya kuchapa huiweka kwanza kwenye diski, na diski haikuwa na pa kuiweka.

Yuko kijana anayenisaidia kazi za kompyuta. Amemaliza kidato cha nne, ni mwepesi wa mikono, na huniita Mwalimu, kwa kuwa nilisomea ualimu chuoni kabla ya kukaa kwenye meza hii. Akasema, "Mwalimu, aliyejaza diski namjua. Ni huyu Zamani. Ana mafaili 1,900! Ukurasa wa mama tuuweke pembeni, mengine yote tuyafute. Vitabu si vimo kabatini?"

Yeye ni mgeni wa ofisi, hakujua habari ya mchwa. Tena alikuwa na hoja. Juma lililopita kompyuta ililalamika hivyo hivyo, na sisi wawili tukafuta video nyingi, lakini nafasi haikuongezeka hata kidogo. Basi akaona kwamba kosa si la video, ni la kundi kubwa la mafaili yasiyofunguliwa.

Mama akatutazama. Na mimi, sitawaficha, nilitaka mno kazi iishe. Lakini nikamwambia kijana, "Ngoja. Hata mwizi wa kuku hupelekwa mbele ya wazee kabla ya kutozwa faini. Kwanza tupime."

Katika Linux kuna dirisha liitwalo terminali. Kwenye mashine nyingi za Linux hulifungua kwa kubonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Alt na T. Humo hakuna picha za kubofya. Waandika amri, wabonyeza Enter, na kompyuta yajibu kwa maandishi. Watu wengi huliogopa dirisha hilo kwa kuwa ni jeusi na kimya. Lakini ni kama mzee wa maneno machache: umwulize vizuri, atakujibu vizuri.

Amri ya kwanza niliyoandika ni hii:

df -h

Herufi df zatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya diski iliyo huru. Hiyo -h huiambia kompyuta itaje hesabu kwa namna ambayo binadamu ataielewa, yaani kwa herufi K, M na G badala ya mlolongo wa tarakimu. G moja, yaani gigabaiti, ni M 1,024, na M moja ni K 1,024. Jibu la diski yetu lilikuwa hivi: ukubwa wake 228G, zilizotumika 217G, zinazopatikana 0, matumizi 100%.

Kijana akauliza mara moja, "Mwalimu, 228 ukitoa 217 hubaki 11. Mbona yasema sifuri?"

Swali zuri. Mpango wa kupanga mafaili uitwao ext4, ambao Linux nyingi huutumia, kwa desturi huweka akiba sehemu 5 katika kila 100 kwa ajili ya msimamizi wa mashine, ili siku diski ikijaa yeye aweze kuingia na kutengeneza. Sehemu 5 katika 100 za 228 ni kama 11. Ni kama mbegu: hata njaa ikija nyumbani, mbegu hailiwi. Kwa hiyo kwa mtu wa kawaida kama mimi nafasi ilikuwa sifuri kweli.

Lakini df haisemi nani amejaza. Yasema tu kwamba ghala limejaa. Na yajibu upesi kwa sababu haiingii ghalani. Yamwuliza mtunza ghala aliyekaa mlangoni na daftari lake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Diski nayo ina daftari lake, na df husoma humo.

Ukitaka kujua ni mzigo wa nani, sharti uingie ndani na mizani. Mizani hiyo ni amri ya pili, du, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya matumizi ya diski. Yenyewe hupita folda kwa folda, na folda zilizo ndani ya folda, ikipima kila faili na kujumlisha. Nikaandika:

du -sh Zamani

Hiyo s maana yake nipe jumla tu, usinisomee kila kitu kilichomo. Jibu likaja: 3.4G.

Kijana akainama karibu na kioo. "Tatu nukta nne? Na mafaili yote yale?"

Naam. Mafaili 1,900, lakini kila picha haifiki megabaiti mbili. Katika diski iliyobeba 217G, Zamani hakufikisha hata sehemu mbili katika mia. Tungemfuta tungepata nafasi ya siku chache, na vitabu viwili vya watu vingekuwa vimekwenda. Wingi wa vichwa si uzito wa mzigo. Wanafunzi arobaini wakibeba kila mmoja daftari lake hawamfikii mtu mmoja mwenye gunia la mahindi.

Basi aliyejaza ni nani? Hapo nikaandika amri ndefu kidogo:

du -h -d 1 | sort -h

Msiitishwe nayo. -d 1 maana yake pima ndani kabisa, lakini niorodheshee ngazi moja tu ya folda. Ule mstari uliosimama katikati ni kama mfereji: maneno yanayotoka katika amri ya kwanza yamiminika katika amri ya pili. Na sort ni amri ya kupanga. Hapo -h ni ya lazima, kwa sababu bila hiyo kompyuta hupanga kwa kutazama tarakimu tu, nayo yaweza kuona kwamba 900K ni kubwa kuliko 3G. Kwa -h huelewa kwamba herufi ina uzito wake, na mkubwa kuliko wote hukaa chini kabisa.

Mashine ikaanza kupima. Diski kuukuu haina haraka, kwa hiyo tulipokuwa tukingoja nikawasimulia yule kijana na mama asili ya amri hizi.

Si amri za jana. Huko Marekani, katika maabara za Bell Labs, Ken Thompson na Dennis Ritchie waliunda mfumo wa kuendesha kompyuta uitwao Unix. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya mfumo huo kina tarehe ya 3 Novemba 1971, na ndani yake df na du zimo zote mbili. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilifuata nyayo hizo, nayo ikazitumia amri kwa majina yale yale. Maana yake ni kwamba amri niliyoiandika asubuhi ile ina zaidi ya miaka hamsini, na bado yafanya kazi yake.

Na kwa nini waliziunda mapema hivyo? Tazameni udogo wa nyumba yao. Diski ya mashine yao ya siku zile ilikuwa na kilobaiti 512, yaani nusu ya megabaiti. Picha moja ya ukurasa mmoja wa kitabu chetu haingeenea humo. Ingehitaji diski kama nne za namna ile. Lakini katika miezi ya mwisho ya mwaka 1971 mashine hiyo ilitumiwa na wapiga chapa watatu wa idara ya hataza, wakiandika na kupanga maombi ya hataza kutwa nzima, huku wenye mashine wakiendelea na kazi zao humo humo. Makarani watatu na mafundi wao juu ya diski ya nusu megabaiti! Watu wa namna hiyo lazima wajue kila siku nani ametumia kiasi gani.

Mama akacheka. "Kumbe hata huko makarani waligombania nafasi."

Mara jibu likatokea. Nanakili mistari ya mwisho:

3.4G ./Zamani
6.1G ./Nyaraka
9.8G ./Picha
58G ./.local
119G ./Video
197G .

Mstari wa chini wenye nukta peke yake ni jumla ya folda tuliyomo. Tazama sasa. Mshitakiwa wetu Zamani yuko juu kabisa, mwembamba kuliko wote katika orodha hiyo. Chini wako wawili waliomeza karibu kila kitu: Video, na mwingine tusiyemjua, jina lake .local, aliyebeba 58G.

Kijana akasema, "Huyu .local sijawahi kumwona."

Huwezi kumwona. Katika Linux kila jina linaloanza na nukta hufichwa, ili vyombo vya ndani vya programu visimsumbue mwenye nyumba. Ukifungua folda kwa dirisha la kawaida hayupo. Hata ukiandika du -sh * hatatajwa, kwa kuwa ile nyota huwaruka wenye nukta. Ndiyo sababu napenda ile amri ya -d 1: haimruki mtu.

Tukaingia ndani yake na kupima tena, ngazi kwa ngazi, hata tukafika penyewe. Mzigo karibu wote ulikuwa katika folda iitwayo Trash, ambayo ndiyo pipa la taka la kompyuta. Hapo nikaelewa, na kijana naye akaelewa, tukatazamana. Zile video tulizozifuta juma lililopita hazikufutika. Kwa njia ya dirisha, kufuta ni kutia pipani tu, na pipa limo ndani ya diski ile ile. Tulikuwa tumefagia chumba na kurundika taka nyuma ya mlango, kisha tukashangaa mbona chumba hakipanuki. Na kwa kosa letu hilo tukamshitaki Zamani.

Tukalifungua pipa, tukasoma majina yote yaliyomo ili tusije tukatupa kitu cha mtu, kisha tukalimwaga. 58G zikarudi.

Ikabaki Video. Tukapima ndani yake kwa amri ile ile. Tukakuta folda tatu, kila moja 31G: Harusi, Harusi nakala, na Harusi nakala 2. Kumbe wapiga picha wa harusi moja waliomba kuweka kazi yao kwetu kwa siku mbili, nao kila walipokuja waliongeza nakala na kuondoka.

Kijana akataka kufuta nakala mbili mara moja. Safari hii nilimwuliza mimi, "Una hakika ni nakala? Jina ni jina tu. Huenda mmoja wao alikata video na kuiunganisha upya katika ile ya pili." Iko amri ya kulinganisha:

diff -r Harusi "Harusi nakala"

Hii hutazama yaliyomo katika folda mbili, faili kwa faili, na kutaja kila tofauti. Ikimaliza bila kusema neno, basi ni sawa kabisa. Katika jambo hili ukimya ndio jibu jema. Tukangoja kwa muda mrefu. Mama akaenda kunywa chai jikoni. Amri ikamaliza kimya. Tukalinganisha na ya tatu, ikamaliza kimya vilevile. Nikampigia simu mwenye kazi, akasema, "Nakala zifute, Karani, lakini Harusi yenyewe niachieni hata Jumamosi."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokaribia kuharibu. Amri ya kufuta katika terminali ni rm, na rm haina pipa. Ikifuta imefuta. Nami, mwalimu wa kupima, nikaandika hivi:

rm -r Harusi nakala

Kidole kilikuwa kimekwisha kugusa Enter, bado kubonyeza. Kijana akanishika mkono. "Mwalimu, alama za kunukuu!"

Alikuwa na haki. Kwa kompyuta, nafasi kati ya maneno hutenga kitu na kitu. Mimi niliona jina moja lenye maneno mawili. Kompyuta ingeona majina mawili, Harusi na nakala. Ingefuta Harusi yenyewe, ile ya asili, kisha ingelalamika kwamba haioni kitu kiitwacho nakala. Jina lenye nafasi sharti lizungushiwe alama za kunukuu, hivi:

rm -r "Harusi nakala"

Nikamshukuru mbele ya mama. Dakika chache kabla nilikuwa nimemzuia yeye asifute vitabu. Sasa yeye amenizuia mimi nisifute harusi ya watu. Kwa hiyo, ndugu zangu, amri ya kufuta isitolewe na mtu aliye peke yake na mwenye haraka. Wawe wawili, na mmoja asome kwa sauti kabla ya Enter.

Tulipokwisha, nikaandika df -h tena. Zilizotumika 97G, zinazopatikana 120G, matumizi 45%. Cheti kikahifadhiwa, picha ya ukurasa ikachapwa. Mama akaushika ukurasa ule, akatafuta kwa kidole jina la baba yake, akalipata.

Sasa niwape mambo machache ya kuweka akilini, hasa nyinyi mlio na watoto wenye kompyuta. Wakatieni kipande hiki cha gazeti.

Kwanza, anza na df, kisha du. Ya kwanza yakuambia kama kuna shida, na katika diski ipi. Ya pili yakuambia shida iko wapi.

Pili, ukitaka kupima mashine nzima na si folda zako tu, waandika: sudo du -xh -d 1 / | sort -h. Neno sudo laomba ruhusa ya msimamizi, maana ziko folda ambazo mtu wa kawaida hafunguliwi mlango. Hiyo x yaizuia amri isivuke na kuanza kupima diski nyingine zilizochomekwa.

Tatu, kutafuta faili moja moja lililo kubwa kupita kiasi iko amri ya find. Mfano: find . -type f -size +500M. Hii hutaja kila faili linalozidi megabaiti 500 kuanzia hapo ulipo.

Nne, iko programu iitwayo ncdu, iliyotungwa na Yoran Heling na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2007. Hufanya kazi ya du, lakini huonyesha matokeo kwa mpangilio, mkubwa juu, nawe watembea kwa vitufe vya mshale na kuingia folda kwa Enter. Kitufe cha q ni cha kutoka. Kitufe cha d ni cha kufuta. Huuliza kwanza kama una hakika, lakini mwonye mtoto asikichezee. Programu hii iwekwe kabla ya siku ya shida, maana diski ikishajaa hata kuongeza programu ni tabu.

Tano, mara nyingine df husema diski imejaa, nawe ukijumlisha kwa du hesabu haifiki. Usidhani mizani imeharibika. Yaweza kuwa faili limefutwa huku programu fulani ingali imelifungua. Ni kama mpangaji aliyefutwa katika daftari la nyumba lakini bado amelala chumbani: jina halipo, chumba hakipo. Amri ya sudo lsof +L1 huwataja wapangaji hao. Ukiifunga programu hiyo, au ukiizima mashine na kuiwasha upya, nafasi hurudi.

Sita, kompyuta za Windows hazina du kutoka dukani, lakini katika dirisha lao la amri waweza kuandika dir /s, na mwishoni hutaja jumla ya mafaili na ukubwa wake. Na mwenye simu afungue sehemu ya mipangilio, kwenye habari za hifadhi. Kazi ni ile ile: tazama nani mzito kabla ya kufuta. Wengi hufuta picha za marehemu wao ili kupata nafasi, na kumbe nafasi imeliwa na video za mizaha walizotumiwa na watu wasiowajua.

Saba, na hili nalisema kwa kujishitaki: kitu ambacho hakina pa kupatikana tena kisikae mahali pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Juma lile lile nilinunua diski mbili ndogo za nje. Zamani sasa yuko ndani ya kompyuta, yuko katika diski moja iliyofungiwa ofisini, na yuko katika nyingine iliyowekwa nyumba nyingine kabisa, mbali na mchwa wetu. Zile 3.4G zilinakiliwa kabla chai haijapoa. Miaka mitatu nilikuwa nikiahirisha kazi ya dakika chache.

Yule mama alirudi Jumapili iliyofuata. Shauri la shamba bado linaendelea, limeahirishwa kwa majuma mawili, lakini wazee wameupokea ukurasa na kuuandika katika vielelezo. Akauliza kama mwaka wa kuzaliwa kwa bibi yake nao waweza kupatikana. Kijana akafungua Zamani, akatafuta, akaupata yeye mwenyewe. Kisha akasema polepole, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, "Na mimi nilitaka kumfuta."

Nikamwambia, "Na mimi nilitaka kukuruhusu."

Mpaka juma lijalo,

Karani wenu.